Uzi Mweupe wa Chupa za Soda

Uzi ulikatika tena Jumatatu asubuhi, na kiongozi wa kwaya ya akina mama akanitazama kana kwamba nimeukata kwa meno. Aliinama, akaokota kipande sakafuni, akakikunja kwa vidole viwili. Kikavunjika. Kilikuwa cheupe kama chaki ya darasani. "Sasa hii tutafumia nini, mwalimu?" akauliza. Mimi si mwalimu na yeye anajua hivyo. Huniita mwalimu anapotaka wenzake wacheke, nao wakacheka.

Tulikuwa katika stoo ya kanisa letu pale Jericho, mimi na akina mama wa chama, tumeizunguka mashine ambayo kazi yake ilikuwa kugeuza chupa kuukuu za soda kuwa uzi wa kufumia vikapu. Kwa majuma kadhaa, ukiondoa juma moja tu, haikuwa imetoa uzi wa kufuma hata mkono wa kikapu.

Mashine ilikuwa wazo la mama yangu, na niseme mapema kwamba kama si yeye ningekuwa nimelisukuma lile lichuma hadi Mto Nairobi nikalitosa. Baba alipofariki, baada ya miaka mingi ya reli na michache ya pensheni, tulimzika nyumbani magharibi. Mama akarudi Jericho, akaketi kitandani akiutazama ukuta. Nilikuwa nikija kila siku kutoka Pipeline, ninakoishi na familia yangu, na kila siku nikamkuta pale pale, chai imepoa, redio imezimwa. Nilimsihi, nikamkaripia, nikamletea wajukuu. Hakuna kilichomwinua. Kisha siku moja nilimkuta uani amejifunga leso kiunoni, anapasua chupa ya soda kwa kisu cha jikoni. "Baba, wewe si ulifanya kazi ya plastiki?" akaniambia. "Njoo unionyeshe hii inayeyushwa namna gani." Huniita Baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Sijawahi kufurahia swali la kazi kama nilivyolifurahia hilo.

Wenzake wa chama walikuwa wakifuma vikapu kwa ule utepe mgumu unaofungia marobota ya mitumba. Walikuwa wakiuokota sokoni Gikomba alfajiri, marobota yakifunguliwa. Halafu watu wengine wakaugundua, utepe ukawa wa kugombaniwa na vijana wa mikokoteni, na wanawake wa umri wa mama hawawezi kugombana na vijana wa mikokoteni. Sehemu kubwa ya utepe ule ni poliesta, ndugu wa chupa ya soda. Mama alilisikia jambo hilo kutoka kwangu zamani na hakulisahau. Kwa hiyo fundi mmoja wa Kamukunji akatuundia mashine kwa vyuma vya mashine nyingine zilizokufa. Juu ina hopa, yaani faneli kubwa ya kumiminia vipande vya chupa. Chini yake kuna bomba la moto lenye parafujo ndani, kisha tangi la maji baridi, tangi la maji moto, na rola za kuuvuta uzi. Kanisa likatupa stoo kwa sharti moja: ifikapo Pasaka tuwe tumeonyesha vikapu vya uzi wetu wenyewe, la sivyo stoo iende kwa vijana, waweke vyombo vyao vya muziki. Mwenyekiti wa vijana hakukosa kupita mlangoni. "Sasa buda, hiyo mashine imewalemea ama? Si mtuachie tu, tuko na maspika zinanyeshewa."

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mashine ilikuwa imewahi kufanya kazi. Siku ya majaribio, fundi akiwa bado yupo, uzi ulitoka ang'avu kama kioo. Ukapita maji baridi, ukapita maji moto, rola zikauvuta ukarefuka ukawa mwembamba, na mwisho wake hata mimi mwenye mikono kama koleo sikuweza kuukata. Jumapili tukaiweka mashine wakfu. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, na kiongozi wa kwaya akaipaka poda, kama anavyowapaka shingoni wanaocheza vizuri, kama anavyopakwa bibi harusi, au mtoto aliyepita mtihani. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila poda. Akina mama wakapiga vigelegele, mama yangu akalia kidogo, tukala wali. Jumatatu uzi ukatoka mweupe ukakatika.

Acha nieleze, ingawa nimelieleza jambo hili mpaka koo likanikauka. Poliesta iliyoyeyuka ni kama wapangaji wa ploti yenye bomba moja siku ambayo maji yapo bombani kutwa: kila mtu anazurura anakotaka. Ukiipoza ghafla, wanagandia walipo, shaghalabaghala, na plastiki inabaki ang'avu. Hiyo ukiipasha moto kidogo ukaivuta, inakubali. Wanageuka wote kuelekea upande mmoja, na hapo ndipo uzi unapopata nguvu. Lakini siku ya mgao wa maji, mtu mmoja akiweka tu mtungi wake chini ya bomba, hata bomba likiwa kavu, nyuma yake foleni inaota yenyewe. Vumbi laini ndani ya plastiki ndilo mtungi huo. Kila chembe inaanzisha foleni yake, foleni zinagongana, kila moja imekaza upande wake, na kabla maji baridi hayajafanya lolote plastiki imekwisha kuwa fuwele tupu. Inakuwa nyeupe na ngumu, na ukiilazimisha kurefuka inavunjika. Kule kiwandani, Industrial Area, nilikokuwa mkaguzi wa ubora kabla hatujapunguzwa, tulikuwa tukiitia unga wa namna hiyo makusudi, tulipotaka sahani za kuhimili joto la oveni. Kwa hiyo ugonjwa niliujua vizuri. Sikujua ulikuwa ukiingilia wapi.

Niliwaandama wale akina mama. Niliwafanya waoshe vipande upya, na kuvisuuza, na kuvianika mbali na barabara. Nikasema ni gundi ya lebo, wakaisugua mpaka kucha zikaisha. Nikasema ni vifuniko, tukavikagua kimoja kimoja. Nikakataza chupa za kijani. Nikamwita fundi wa Kamukunji nikamgombeza kuhusu grisi, naye akaniambia mashine yake haina kosa, labda mikono yetu ndiyo mizito. Tukakausha vipande kwenye tanuri usiku kucha kwa sababu unyevu nao huharibu poliesta. Nikatundika pazia mlangoni kuzuia vumbi la mtaa. Uzi ukatoka mweupe. Nilikuwa nikirudi Pipeline jioni nina hasira za kupigana na ngazi, na mke wangu akajifunza kutoniuliza habari za mashine.

Kisha mama akasafiri. Kulikuwa na msiba wa jamaa yetu huko magharibi, akaenda juma zima. Kazi yake katika stoo ilikuwa kuijaza hopa asubuhi, kabla sisi wengine hatujafika. Alipenda kufungua mlango mwenyewe na kuomba peke yake. Juma hilo akaijaza mama mwingine. Na uzi, Mungu wangu, ukatoka ang'avu. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya pili nikaanza kuimba. Tulijaza kibao kizima cha kuzungushia uzi bila kukatika, na mama wa kwanza kuufuma akasema unateleza mkononi kama hariri. Mama akarudi Jumamosi. Jumatatu akaijaza hopa, na uzi ukatoka mweupe ukavunjika. Hiyo ndiyo Jumatatu ya chaki.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hadi Ijumaa lilikuwa limekuja. Kanisani hatuamini mambo hayo: hivyo ndivyo kila mmoja wao alivyoanza sentensi yake. Hatuamini, lakini. Huko kwetu, mjane ambaye hajafanyiwa desturi za kumtoa matangani hashiki mbegu za watu, wala haingii kwenye nyumba mpya kwanza. Mama alikuwa amezikataa desturi hizo. Aliwaambia mashemeji zake pale pale kaburini kwamba yeye ameokoka na hatatolewa kitu. Sasa kiongozi wa kwaya akanivuta kando, sauti ya chini, ya huruma. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Hatumlaumu mama yako. Tumeonelea tu apumzike, asiguse hopa, mpaka Jumatano tumwombee." Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, ameshika ndoo. Aliiweka chini, akafungua leso kiunoni, akaenda nyumbani.

Nilitaka kuwajibu. Lakini hesabu ilikuwa upande wao, na hilo ndilo lililonikera kuliko maneno yao. Mama akiwapo uzi unaharibika, asipokuwapo unapona. Ningekuwa mkaguzi kiwandani ningeandika hivyo hivyo. Nilimfuata nyumbani nikamkuta kitandani, ameugeukia ukuta, viatu bado miguuni. Nilimwita. Akasema, "Niache, Baba, nimechoka." Ilikuwa sauti ile ile ya miezi baada ya mazishi. Niliogopa. Niliona wazi kwamba safari hii hakuna mashine nyingine ya kumtoa pale.

Nikarudi stoo na ufunguo. Akina mama walikuwa wamekwenda zao. Hopa ilikuwa nusu, vipande alivyovimimina mama asubuhi, na mimi nikasimama juu ya kigoda nikiitukana kwa lugha tatu.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu. Katika stoo ile, mashine ikipata moto, nilikuwa nasikia harufu ya baba. Baba alijipaka poda shingoni kila siku baada ya kuoga, nyingi, mpaka kola ya sare yake ya reli ikawa na ukingo mweupe. Nilidhani ni msiba tu unaniwinda. Mtu mzima wa umri wangu hatawaambia akina mama wa kwaya kwamba ananusa marehemu. Juma lile mama alipokuwa safarini harufu ilikatika, nikasema basi, nimepona. Sasa ilikuwa imenijaa puani, tamu, na nikakumbuka kwamba mchana wa jana nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama tukila, naye alinukia sabuni ya kufulia na sukuma wiki, basi. Kwa hiyo haikutoka mwilini mwake. Nikatia mkono ndani ya hopa mpaka kiwiko, nikakoroga, nikautoa. Kiganja kilikuwa cheupe.

Poda. Jiwe laini lililosagwa likatiwa manukato. Unga ule ule tuliokuwa tukiununua kwa magunia kiwandani. Nikaketi juu ya gunia la chupa nikacheka, kisha nikakasirika hata nikashindwa kufunga mlango vizuri.

Mama hakugeuka nilipoingia.

"Mama, unatia poda kwenye hopa?"

"Natia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ya mtu mzima. Kama aliyokuwa anajipaka."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Poda hukuuliza." Sasa akageuka. "Uliuliza gundi. Uliuliza vifuniko. Ulituuliza mpaka kama tunanawa mikono."

Nilikuwa na mengi ya kusema, karibu yote ya ukali. Nilimweleza kuhusu chembe na foleni na mtungi chini ya bomba. Alinisikiliza vizuri, kama alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea kitabu cha shule. Kisha akaniambia kwamba siku ya kuweka wakfu, alipoiona mashine imepakwa, moyo wake ulisema, huyu sasa ni mtu anayekwenda kazini. Baba yangu hakuwahi kutoka kwenda reli bila poda. Basi kila asubuhi mama alichukua kopo la poda ya baba, akaipaka mashine tumboni, akaiambia iende kazi salama, nayo ikamjibu kwa kunguruma. "Kitandani hapa," akasema, "hakuna anayenijibu."

Hasira zikaniisha. Zikarudi, lakini hazikumwelekea yeye tena. Nikamwambia yamekwisha, aache kutia poda, hakuna haja mtu mwingine ajue. Tutanyamaza na uzi utapona.

Akakaa kitako. "Wewe Baba, umesoma lakini watu huwajui. Ukinyamaza, Jumatano wataniombea. Alhamisi uzi utatoka mzuri. Na mimi nitaitwa mjane aliyetolewa mkosi mpaka siku ya kufa. Mashemeji zangu watapigiwa simu jioni hiyo hiyo."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Jumatano walikuja wote, na vitambaa vyao vichwani, tayari kwa maombi. Hata mwenyekiti wa vijana alikuja akaegemea mlango, nadhani kupima ukuta. Nilikuwa nimeisafisha hopa na kulitapisha bomba. Kabla mchungaji hajafungua Biblia, nikamwomba mama aijaze mashine mbele ya watu wote. Kiongozi wa kwaya akaguna. Mama akamimina vipande vikavu, mikono mitupu, mikono ya gauni imekunjwa mabegani, na tukangoja. Uzi ukachungulia kwenye tundu. Ukaingia maji baridi ukiwa ang'avu, ukatoka ang'avu, rola zikaunyakua katika maji moto zikauvuta, ukaenda, ukaenda, haukukatika. Mama alisimama pale akiangalia miguu yake.

Nikamgeukia kiongozi wa kwaya. "Mama, wewe una bwana?"

"Niko naye," akasema, "na ni mzima, Mungu ashukuriwe."

"Na poda ya kwaya unayo hapo kwenye mkoba?"

Alikuwa nayo, haiachi. Nikamwomba aje aipake mashine, kama siku ya wakfu, lakini aipake ndani, kwenye vipande, tena asiibanie. Aliona kuna mtego ila hakuona uko wapi, na mbele ya watu hakuweza kukataa kubariki. Akatikisa kopo juu ya hopa, akakoroga kwa mkono wake mwenyewe wenye pete. Tukangoja mashine imalize iliyokuwa nayo tumboni. Ilichukua muda, mama mmoja akaanzisha wimbo wa kupitisha wakati, ukafifia. Kisha uzi ukaanza kupata ukungu. Ukawa kama maji yaliyotiwa maziwa, ukawa mweupe kabisa, na ulipofika kwenye rola ukakatika. Niliupitisha tena kwenye rola. Ukakatika tena. Nikachukua kipande nikakiweka katika kiganja cha kiongozi wa kwaya. Akakikunja kwa vidole viwili, kama Jumatatu ile, kikavunjika.

"Kumbe ni poda," akasema.

Nilingoja neno la pili. Nilimtazama machoni nikangoja. Halikuja, wala halikuja kutoka kwa wengine. Waliitikia tu, kumbe ni poda, kumbe ni poda, kana kwamba hilo ndilo walilokuwa wakilisema siku zote. Mchungaji akaombea mashine. Baada ya maombi, kiongozi wa kwaya akasimama akatangaza kuwa kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kuingia stoo na poda, na ole wake atakayeonekana, na akina mama wakampigia makofi. Mimi nilipiga teke gunia la chupa. Mama peke yake ndiye aliyeniona, akatikisa kichwa nitulie.

Pasaka tulipeleka vikapu mbele ya madhabahu na stoo ikabaki yetu. Vijana walinuna. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Alhamisi, asubuhi ya baada ya maombi. Nilifika mapema nikamkuta mama nje ya mlango wa stoo, ufunguo mkono mmoja, kopo la poda mkono mwingine. Hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama tu, kama mtu aliyefika kituoni akakuta treni imeondoka.

"Sasa hii niipeleke wapi?" akaniuliza.

Nilianza kumwambia kwamba kopo lisivuke kizingiti, kwamba hata vumbi la mikononi mwake linatosha kutuharibia siku. Nilikuwa na hotuba nzima. Akanikatiza.

"Inama."

Niliinama. Akanifungua kifungo cha kola, akamwaga poda kiganjani mwake, nyingi, ya mtu mzima, akanipaka shingoni mbele na nyuma kwa mkono mkavu unaokwaruza, polepole, hadi masikioni. Kisha akanigonga mgongoni kidogo. "Haya," akasema. "Nenda kazi salama."

Nilifunga shati hadi kooni. Nikachukua leso yake nikaizungusha juu ya kola na kuikaza, isidondoke chembe hata moja kwenye hopa, kisha nikaingia kusimama kando ya bomba la moto. Jasho likanitoka mpaka soksi. Yeye aliiosha mikono kwenye bomba la maji, akaikausha, akaja kumimina vipande, na mashine ikanguruma.

Huo ndio utaratibu wetu hadi leo. Akina mama huniuliza ni ugonjwa gani unaonifanya nijifunge shingo kwa leso kwenye joto lile. Nawaambia wafume.